Picha za shakwe na buabua wakiruka: ndege anaonekana vizuri, lakini picha imepooza

Pwani_Mbezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwapiga picha ndege wa baharini hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kunduchi, na mara mojamoja ufukwe wa Coco. Fokasi hainisumbui sana, kwa kuwa kamera naiacha imfuatilie ndege mfululizo, na kasi ya shata siiruhusu ishuke chini ya 1/1600 ya sekunde. Ukiikuza picha unaliona jicho, unayaona manyoya, unaliona hata tone la maji linalodondoka mdomoni.

Kinachonisumbua ni picha yenyewe kama picha. Shakwe amekaa katikati ya fremu kama mtu aliyepigiwa picha ya pasipoti. Nyuma yake kuna anga jeupe lisilo na kitu au, mbaya zaidi, ghorofa, nguzo za umeme na mapaa ya mabati. Mara nyingi namwona kwa nyuma, akiwa anaondoka. Nikijaribu kumweka upande mmoja wa fremu, bawa linakatika. Na nikienda asubuhi, wakati ambao kila mtu ameniambia kwamba ndio wenye mwanga mzuri, ndege anatoka mweusi tii.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, mpangilio wa picha ya ndege anayeruka hufanywa pale pale unapochungulia kwenye kamera, au hufanywa baadaye kwenye kompyuta kwa kuikata picha? Na mandhari ya nyuma inachaguliwaje, ilhali ndege ndiye anayeamua apite wapi? Mwaka huu sina mpango wa kununua lenzi kubwa zaidi, kwa hiyo naomba ushauri wenu usianzie dukani.

Mzee wa Ununio amejibu:

Ndugu Pwani_Mbezi, umeuliza mambo mawili, lakini jibu lake ni moja: picha ya namna hii hupangwa kwa miguu, kabla kamera haijainuliwa. Ndege huwezi kumwamuru, ila pa kusimama unaweza kupachagua, na pa kusimama hutegemea upepo, jua na maji.

Nianze na upepo, maana ndio unaosahaulika. Ndege wa baharini huinuka akiukabili upepo, hutua akiukabili upepo, na buabua anayesimama hewani huku akichungulia samaki naye huukabili, kwa sababu bila hivyo hawezi kubaki juu akiwa na mwendo mdogo. Ukiwa na upepo usoni, wote hao wamekupa mkia, na ndiko zinakotoka hizo picha zako za ndege anayeondoka. Ukiwa na upepo mgongoni, wanakutazama. Tena ndege anayeupanda upepo mkali husogea polepole, hivyo unapata nafasi ya kumweka unapotaka ndani ya fremu, ilhali yule anayesukumwa na upepo hukupita ukiwa bado unamtafuta.

Shida ya ufukwe wetu ni kwamba unatazama mashariki, na pepo zetu kuu mbili hutoka upande wa bahari. Wakati wa kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, hutoka kusini na kusini-mashariki. Mtu aliyesimama Mbezi akiitazama bahari moja kwa moja huwa na upepo usoni au shavuni sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi huwa na jua usoni pia. Mikia yako na weusi wako vyote vimetoka hapo. Waliokushauri uende asubuhi hawakukosea kuhusu ubora wa mwanga, ila mwanga mzuri ulio nyuma ya ndege haukusaidii chochote kama unataka kuyaona manyoya yake.

Njia ya kwanza ni kubaki bara na kwenda alasiri, kuanzia saa kumi hadi jua linapokaribia kuzama, likiwa mgongoni pako juu ya mji. Wakati wa kusi usiitazame bahari moja kwa moja. Geuka kushoto, uelekee kaskazini-mashariki, uwangoje ndege wanaokuja kutoka kaskazini wakiupanda upepo. Watakujia kwa pembe, kifua na uso vikiwa vimekuelekea kidogo, na hapo ndipo pa kubonyeza. Ndege akishafika mkabala nawe umebakiwa na picha ya kitabu cha kutambulia ndege, na akishapita unakijua mwenyewe utakachobaki nacho.

Njia ya pili ni kuvuka. Bongoyo na Mbudya zina fukwe zinazotazama bara, yaani magharibi. Ukiwa Bongoyo asubuhi wakati wa kaskazi, jua na upepo vyote viko nyuma yako, na mbele yako kuna maji yaliyo kati ya kisiwa na Msasani. Ghorofa zipo, lakini ziko mbali kiasi kwamba milimita 300 zitazigeuza kuwa utepe wa rangi tu. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo uwe na fedha za kiingilio. Boti za kawaida za wageni huondoka jua likiwa limeshapanda, basi ni bora uelewane na mwenye boti siku moja kabla.

Kuhusu mandhari ya nyuma, kinachoibadilisha zaidi ni kimo cha macho yako. Ukiketi mchangani na lenzi ikawa karibu na magoti, ndege anayepita chini juu ya maji atakuwa usawa wako, na nyuma yake itabaki bahari ya mbali iliyolainika. Ukisimama, ndege yuleyule anaangukia kwenye mawimbi ya karibu yenye povu na vurugu. Kwenye majabali ya matumbawe ya Oysterbay mambo hugeuka: maji yakijaa, baadhi ya ndege hupita chini ya miguu yako, mgongo na mabawa yakionekana kwa juu, na nyuma yao hakuna kitu isipokuwa maji. Mimi picha hizo nazipenda kuliko zote, kwa sababu ndege hawa wengi tumezoea kuyaona matumbo yao tu.

Lenzi_Upanga amejibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu miguu, lakini ndani ya fremu nako kuna kazi, na neno "nitaikata baadaye" limeharibu picha nyingi. Kukata ni halali, ila kuna gharama. Ukiwa na picha ya megapikseli 24 ukabakisha nusu ya upana na nusu ya kimo chake, umebakiwa na megapikseli 6, na kasoro zote ambazo zilikuwa zimejificha zitajitokeza. Kukata kuwe kwa kusawazisha kingo, si kwa kutafuta picha ambayo haikuwapo.

Bawa linakatika kwa sababu unataka ndege aijaze fremu. Mtu akiwa na milimita 300 mkononi hulazimika kuzitumia zote, hata pale ambapo ndege amekaribia na milimita 200 zingetosha. Mwache ndege achukue kama theluthi ya upana wa fremu, mabawa yakiwa wazi, kisha isogeze sehemu ya fokasi kutoka katikati. Katika mfano wa Mzee, ndege anatoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo fokasi ikae theluthi ya kushoto, ili hewa aliyo nayo mbele ya mdomo iwe nyingi kuliko ile iliyo nyuma ya mkia. Hata hivyo, usiifanye kanuni hiyo kuwa amri. Nafasi huachwa kule kitendo kinakoelekea, si lazima kule mdomo ulikoelekea. Buabua anayesimama hewani huku ameinamisha kichwa hana safari ya mbele. Safari yake ni ya chini, na ukimpa nafasi kubwa mbele badala ya chini unamnyima mtazamaji maji ambayo ndege huyo anakaribia kuyapasua. Kwa huyo, igeuze kamera isimame wima.

Kisha kuna mabawa. Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 kifaa chenye umbo la bunduki kilichopiga picha 12 kwa sekunde, akitaka kuziona hatua za bawa ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha, na sisi hadi leo tunazitafuta hatua hizohizo. Bawa lililoinuka hadi mwisho lina umbo, na lililoshuka hadi mwisho lina umbo. Lililo katikati, likiwa usawa wa lenzi, huwa mstari mwembamba, na ndege anaonekana kama hana bawa kabisa. Piga mfululizo mfupi, halafu uchague kwa kuliangalia bawa kwanza na ukali wa fokasi baadaye. Watu wengi huchagua kinyume chake.

Jicho la buabua ni mtihani wa peke yake. Buabua wengi wana kofia nyeusi kichwani, na jicho limo ndani au ukingoni mwa weusi huo, kwa hiyo bila nukta ya mwanga ndani yake ndege anaonekana kipofu. Shakwe wetu wa kahawia naye ana kichwa cheusi, hivyo shida ni ileile. Nukta hiyo huletwa na jua la chini lililo nyuma yako, na huonekana vizuri zaidi ndege anapogeuza kichwa kidogo kuja upande wako. Upeo wa macho nao uutazame: ukipita nyuma ya tumbo hauna neno, ukipita nyuma ya shingo au jicho umekata kichwa. Na uwe sawa, kwa sababu bahari iliyoinama huonekana haraka kuliko kosa lingine lolote.

Mwanga wa picha uweke mwenyewe kwa hali ya M, yaani ile ambayo wewe ndiye unayechagua vipimo vyote. Ukiiachia kamera iamue, itapima mandhari. Ndege akitoka kwenye anga jeupe akaingia mbele ya mikoko, vipimo vinaruka ilhali jua linalompiga ndege ni lilelile. Kwenye jua kamili anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), f/8 (kipenyo cha tundu la lenzi) na kasi ya shata ya 1/1600. Kwa buabua mweupe panda hadi 1/2000 au 1/2500 ili weupe wa kifua usiungue. Kwa shakwe wa kahawia rudi pale pa kwanza. Jua likishuka sana utalazimika kufungua lenzi zaidi au kupandisha ISO. Siku za mawingu mazito anga halina msaada wowote, basi tafuta ndege walio chini ya upeo wa macho ili nyuma yao kuwe na maji.

Dada wa Kigamboni amejibu:

Naomba nipingane na ndugu zangu kidogo. Mnazungumza kana kwamba picha ya ndege ni lazima iwe ya ndege peke yake, na nyuma yake kusiwe na kitu. Mwenye swali amesema picha zake zimepooza. Mkimsaidia kuondoa kila kilichomo hadi akabaki ndege na maji ya buluu, atapata picha safi, ila itakuwa picha ambayo ingeweza kupigwa pwani yoyote duniani.

Huku Kigamboni asubuhi ngalawa na mashua zinarudi, na shakwe wanazifuata kwa ajili ya mabaki ya samaki. Mimi hapo siwafukuzi ndege. Napanga fremu yangu kwanza kwa milimita 70 au 100: tanga liko upande mmoja, upeo wa macho uko juu kidogo, na upande wa pili nimeacha anga tupu lenye ukubwa wa kutosha, kisha nangoja ndege aingie ndani ya uwazi huo. Anapoingia, kitu pekee ninachokilinda ni kwamba asigusane na mlingoti, kamba wala kichwa cha mvuvi. Ndege mdogo aliyetengana na vitu vingine huonekana kabla ya chombo chenyewe. Ndege mkubwa aliyegusana na mlingoti hupotea. Kipenyo nakiweka f/8 au f/11 ili na chombo kisomeke. Kwa picha ya namna hii hata ule weusi wa asubuhi unaoulalamikia una faida, kwa sababu tanga na mabawa vyote vinageuka kuwa maumbo, na unapima mwanga kwa ajili ya anga tu. Mvuvi anayetambulika usoni aombwe ruhusa. Si kazi kubwa, na mara nyingi atakueleza ndege wako wapi.

Jambo la pili ni mchana. Wapiga picha wote huniambia nirudi nyumbani saa tano, na ufukweni huwa narudi kweli. Juu ya fungu la mchanga mweupe, ambako maji hayafiki hata magotini, mambo ni tofauti. Jua la utosini huugonga mchanga, mwanga ukarudi juu na kuliangaza tumbo la buabua, na chini ya mabawa kunaingia rangi ya kijani-buluu ya maji yale. Saa za mchana ndizo zinazoileta rangi hiyo kwa nguvu. Asubuhi na jioni mwanga huja kwa ubavu na haurudi juu kiasi hicho.

Wapo watakaokutuma Feri, kwenye soko la samaki, na ni kweli kwamba pale shakwe ni wengi kwa sababu ya matumbo ya samaki, ingawa utagombana na kunguru katika kila fremu. Lakini Ikulu iko jirani, na ng'ambo kuna kambi ya jeshi la majini. Kupiga picha maeneo ya ulinzi hakuruhusiwi, na lenzi ndefu inayozungukazunguka ikimfuata ndege haitazami mpaka. Mimi nimeamua kutopiga pale.

Na tafadhali, usilikimbilie kundi lililotua ili liruke. Kati ya Septemba na Aprili wengi wa ndege hao wametoka Ulaya na Asia, na kile kipumziko cha maji kujaa ndicho wanachokitegemea kabla ya kurudi kutafuta chakula. Ukiacha hilo, picha zenyewe hazifai: ndege aliyeshtuliwa na wewe hukukimbia wewe, kwa hiyo unarudi kulekule kwenye mikia. Keti mbali, wangoje wakuzoee, na mmojammoja atainuka kwa hiari yake. Buabua aliyetoka kuoga akishainuka hujikung'uta hewani, matone yakitawanyika pande zote, na ukishamwona akioga unajua kinachofuata.

Pwani_Mbezi amejibu:

Nawashukuru sana. Dada, hilo la kupanga fremu kwanza kisha kungoja sikuwahi kulifikiria kwa ndege, na lenzi yangu inalimudu. Mzee, shikamoo. Mwanzoni ulisema pa kusimama hutegemea upepo, jua na maji. Upepo na jua umevieleza, lakini maji hukuyagusa. Je, yana uzito sawa na hivyo vingine?

Mzee wa Ununio amejibu:

Marahaba. Yana uzito mkubwa, kwa sababu ndiyo yanayoamua ndege awe umbali gani nawe, na wewe lenzi yako ni ya milimita 300.

Maji yakipwa, ndege wanatawanyika kwenye mafungu na miamba ya nje, mbali na mtu yeyote. Yakijaa, mafungu yanafunikwa moja baada ya jingine na ndege wanasogezwa kuelekea ufukweni, hadi wanabaki kwenye vipande vichache vya mchanga. Sasa angalia bahati tuliyo nayo hapa Dar es Salaam: siku za bamvu, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu saa kumi alasiri. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, kwa hiyo msukumo wake kwa ndege ni mkubwa, na kilele chake kinakutana na jua lililoanza kushuka nyuma yako. Fika kwenye saa nane mchana, uketi kabla ndege hawajaja, ili wakukute umeshatulia. Kunduchi na huku kwetu Ununio kuna tambarare pana zinazofaa kwa hilo. Mlangoni mwa Mto Msimbazi, kati ya Daraja la Salenda na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, utawapata yangeyange na sululu kwa wingi kuliko buabua, ila daraja litakuingilia kwenye fremu usipokaa chini.

Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, na ukifika wakati wa maji mafu, kama wiki moja baada ya bamvu, yanajaa karibu saa nne asubuhi badala ya alasiri. Tofauti yake ni ndogo na ndege hawasogezwi sana bara, kwa hiyo siku hizo, kama ni kaskazi, ndizo ninazozitumia kuvuka Bongoyo.